Gofu la Alhamisi

Ukuta wa kwanza niliusimamisha wima kabisa.
Timazi yangu: uzi wa kushonea na nati moja.
Povu la bluu, lile la kuzuia baridi darini,
nikalichora matofali kwa kalamu iliyokauka wino,
moja moja, kila tofali likikalia kiungo cha chini yake,
kwa sababu fundi hapangi kiungo juu ya kiungo
hata kama nyumba ni ya watu wa risasi.

Hapa Accrington tofali ni jekundu kama ini.
Nilitoka mara tatu kwenda kuutazama ukuta wa jirani,
kibati cha rangi mkononi, manyunyu yakiingia kibatini,
nikarudi nikaongeza tone la kahawia, tone la zambarau.
Siku ya nne Bi Haworth akafungua mlango,
akaniuliza nimepoteza nini ukutani pake.
Rangi, nikamwambia.

Mgongo uligoma mwaka juzi,
ghorofa ya sita, kule Blackburn.
Daktari akasema usinyanyue kitu kizito kuliko birika.
Nikanunua povu.
Nyumba nzima sasa, na vigae vyake, na dohani,
haifiki uzito wa mkate uliobaki.

Alhamisi, ukumbi wa kanisa.
Meza nne zimeunganishwa, zulia la kijani ndio Ufaransa.
Nikaiweka nyumba yangu njia panda.
Wakanyamaza. Birtwistle akavua miwani, akaivaa tena,
kisha akasema kwa upole
wa mtu anayekuarifu una mchicha kwenye meno:
"Nzuri mno, Fundi. Ila ni nzima.
Wanajeshi watachungulia wapi?
Sisi tunataka gofu."

Nilirudi nayo kwenye basi, nimeipakata.
Miaka thelathini na mmoja nimewaimbia wanagenzi
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Leo nimejenga ukuta, naombwa ufa.

Usiku ule sikushika kisu.
Wa pili nikaanzia kona ya juu,
kwani ukuta hauanguki ovyo, una tabia zake:
huachia penye dirisha, pale mtu alipobania saruji,
hushuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo,
na boriti hubaki inaning'inia, haijapata habari.
Najua. Nimebomoa kuta nyingi za wenzangu
na moja yangu, sisemi wapi.
Nikamega kwa koleo. Chenga za povu zikaganda kwenye sweta.
Nikasaga tofali halisi, kipande cha kwa Bi Haworth,
nikamwaga kifusi juu ya gundi.
Jekundu lile halikuhitaji brashi.

Chumba kimoja cha juu nilikiacha.
Pazia: karatasi ya mfuko wa chai, iliyokwisha kunywewa.
Meza: kijiti cha kukorogea kahawa.
Birika: punje ya mtama, na mpini wa unywele wa waya.
Mwanakombo akasimama nyuma yangu na taulo kichwani.
"Nani atayaona hayo?"
Mwenye nyumba, nikasema.
Akaenda kulala.

Vita vilidumu saa tatu na nusu.
Dadu moja ikabingirika mpaka jikoni mwangu.
Kifaru cha Shazad kikaegemea mlango, kikachubua rangi,
akaomba radhi, akala biskuti.
Walipokuwa wanakusanya majeshi
nikauliza, polepole, kama kuna waliokufa ndani.
"Ndani?" Birtwistle akapekua kitabu cha kanuni.
"Ndani hamna mtu, Fundi. Hiyo ni kinga tu.
Inapunguza shabaha kwa mbili."

Nyumbani nikaitoa kwenye kasha la viatu, nipanguse vumbi.
Juu, nyuma ya pazia la chai,
mmoja wao amesahauliwa:
urefu wa pingili ya kidole gumba, bunduki begani,
uso bado haujapakwa rangi.

Kesho nitampigia simu Birtwistle.
Usiku huu nimemgeuza kidogo tu kwa ncha ya brashi,
asitazame ufa,
atazame birika.